Macho ya Msoma Maji

Mashamba ya chumvi hapa Kampot, pwani, yana wabeba vikapu tele, mimi nikiwemo, lakini msoma maji alikuwa mmoja tu: dada Phally. Kila asubuhi alipita kwenye matuta, akainamisha kichwa na kuliangalia bwawa kwa upande. Utando mwembamba wa chumvi ukianza kuelea, humeta kama mafuta juu ya mchuzi. Akishauona, anasema maji yameiva, tukokote chumvi kwa reki. Akikosea ni hasara, na msimamizi wetu, mzee Chhun, hana huruma hata chembe.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshazibwa na nyama inayoota kwa jua. La kulia nalo lilianza. Muuguzi akamwambia avae miwani, la sivyo atapofuka. Nikamburuta hadi sokoni kwa Vuthy, muuza miwani.

Vuthy ana maneno mengi, ila kazi yake anaijua. "Ya kioo usichukue, dada, ikidondoka kwisha habari. Chukua plastiki hii ngumu. Ina tabaka la kuzuia mikwaruzo, maana nyie wa chumvi mnafutia miwani vilemba vyenu, vimejaa chembe!" Akampa ya kijivu hafifu.

Phally akaangua kicheko. "Mbona naona kila kitu? Nataka giza, wewe unaniuzia hewa!"

"Giza peke yake halikingi kitu. Kinachokinga ni dawa iliyomo, inazuia mionzi hata lenzi ingekuwa nyeupe pe. Hiyo nyeusi pale nayo inazuia, ila inakata mng'ao wote wa maji."

Akaivaa ile nyeusi, akatoka nje juani. Machozi yaliyomsumbua kwa miaka yakakatika. "Thavy," akaniambia, "nimepumzika, mdogo wangu." Sisi wa chumvi miwani tunaipima kwa giza lake, basi. Akainunua.

Kesho yake akasimama tutani, asione kitu. Mng'ao umekatwa, na utando umekwenda nao. Akangoja, akangoja. Kufika alasiri chumvi ilikuwa imegandana chini kama sakafu, reki zinadunda. Chhun akamfokea mbele yetu sote: "Umekuja kazini au harusini, wewe mama? Kama kusoma kumekushinda, kikapu kile pale!"

Akaivua, asiivae tena. Nilimsihi twende tukachukue ile ya kijivu, ile ingemwachia mng'ao wake.

"Nidanganywe mara mbili? Hebu niondokee hapa!"

Kiburi, jamani! Nilimpenda yule mwanamke, na siku hiyo ningeweza kumzaba kofi.

Msimu mzima akasoma kwa macho matupu, wala hakukosea. Chhun akawa anamsifu. Msimu uliofuata akaanza kunishika mkono kwenye matuta, eti utelezi. Utelezi gani, na udongo umekauka hivyo? Nikalia nyumbani kwangu, maana kwake machozi yangu yangekuwa matusi.

Kisha ikaja asubuhi moja. Tulikuwa tumejipanga na reki zetu kwenye tuta kati ya mabwawa mawili, Chhun yuko nyuma yetu. Phally akageukia bwawa moja, akainamisha kichwa, akaliangalia kwa muda mrefu sana.

"Yameiva," akasema. "Haya, ingieni."

Hakuna aliyesogea. Bwawa alilolielekea tulikuwa tumelimaliza jana yake, na halikuwa na tone la maji.