Mkimbiaji Aliyesimama Kabla ya Besi ya Nyumbani

Nicanor Awiti alikuwa fundi wa boila katika kiwanda kimoja cha Thika, na Jumapili alikuwa refa wa besiboli, mchezo aliojifunza akiwa shule huko Migori. Aliishi Mwihoko, upande wa Ruiru. Msimu uliopita alilaumiwa kuwa anapendelea timu ya Ruiru kwa sababu ni ya anakoishi, na maneno hayo yalimkaa moyoni.

Siku ya fainali, Ruiru na Thika walikuwa sare, nne kwa nne. Ruiru ndio waliokuwa wakipiga, zamu ya mwisho. Kahiga, fundi wa viatu kutoka Kiuu, alikuwa amesimama besi ya tatu, kituo cha mwisho kabla ya kile cha nyumbani. Akifika besi ya nyumbani, wameshinda. Mwenzake alipiga mpira mbali, Kahiga akatoka mbio.

Hapo dadake, Wamboi, akaingia uwanjani miguu mitupu.

“Kahiga! Mami ametuacha! Wamepiga simu kutoka hospitali!”

Kahiga alisimama. Zilibaki hatua tatu. Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Mpira ulirudi mikononi mwa Lenny, mdakaji wa Thika, naye akamgusa nao begani kama alivyozoea kumtoa mkimbiaji yeyote ambaye hajafika besi.

Wote wakamwangalia Nicanor.

Kitabu cha sheria alikijua. Kilisema juu ya mtazamaji anayeshika mpira au kumzuia mchezaji. Wamboi hakuwa amegusa chochote. Kilichobaki ni ile sentensi moja: jambo lisiloandikwa, refa ataamua mwenyewe. Nicanor aliwaza jinsi watu wa Thika watakavyosema akiwapa Ruiru kombe kwa huruma. Akainua ngumi.

“Auti!”

Lenny alitupa glavu chini. “Refa, hata mimi sikuwa nataka kumguza.”

Kahiga hakubisha. Aliondoka na dadake bila kuvua kofia ya kuchezea. Mechi iliendelea hadi zamu ya ziada, Ruiru wakiwa na mtu mmoja pungufu, na wakafungwa tano kwa nne. Thika walipokea kombe bila kuimba.

Mazishi yalikuwa Gatanga, mvua ikinyesha. Nicanor alipanga foleni na waombolezaji hadi akamfikia Kahiga.

“Kahiga, ile siku…”

“Asante kwa kuja, refa.” Kahiga alimshika mkono kwa muda. “Hiyo pointi sikuwa naitaka. Lakini ungesimamisha tu mchezo. Mamangu amekufa, na mtu ananipigia kelele ati niko auti.”

Kusimamisha mchezo hakukuwa kumemjia Nicanor akilini hata kidogo. Alikuwa ameona njia mbili tu, kuwapa pointi au kuwanyima.

Wiki iliyofuata alimpelekea Dorine, katibu wa ligi, kinyago chake cha kukinga uso na kitabu cha sheria.

“Lakini hukuvunja sheria yoyote,” Dorine alimwambia. “Uamuzi ulikuwa wako.”

“Najua ulikuwa wangu,” alisema, akaviacha mezani.

Msimu huu ligi imepata refa mwingine, kijana kutoka Juja. Kahiga hajarudi uwanjani. Wenzake wanasema anafungua kibanda chake cha viatu hata Jumapili. Nicanor hupita pale akienda kanisani, na mara nyingi huvuka barabara kabla hajafika.