Sindano Zile Zile, Nyusi za Wanawake Watano

(Msomaji huyu wa upande wa Ikutha ameomba tufiche jina lake. Majina yaliyo kwenye barua yake si ya kweli.)

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na minane. Nina mke, watoto saba, na mbuzi ambao siwahesabu mbele ya watu. Shule niliacha darasa la nne kwa sababu mwalimu alianza kuniuliza mimi majibu. Kutoka Ikutha mpaka Makindu hakuna mnunuzi wa mifugo asiyenijua. Mwaka wa kile kiangazi kibaya nilimvusha fahali mto Athi nikiwa nimembeba begani, na aliyekuwa analia ni fahali. Nawaambia haya mjue kwamba mimi si mtu wa kutetemeka ovyo. Lakini hili limeniogopesha, ndiyo maana nawaandikia.

Dada yangu ana binti, nitamwita Mutheu. Akiwa mdogo koroboi ilimlipukia usoni. Uso ulipona, nyusi hazikuota tena. Tangu awe msichana anazichora kwa penseli ya wanja, na jua la huku mnalijua, ikifika saa nne wanja uko shavuni. Sasa amepata mchumba, kijana wa kutoka Tulia. Mbuzi wa ntheo walishaletwa wakachinjwa, kwa hivyo kwetu sisi Wakamba huyo ni mke wa mtu. Imebaki harusi ya kanisa. Mutheu akanijia analia: "Anko, siku ya picha nitatoka jasho, nyusi zitaanguka mbele ya watu."

Nikamwambia, "Hiyo ni kazi ndogo, mwana wakwa, mwanangu." Nikamweleza kuna mama mmoja Makindu, ametoka Mombasa, anachora nyusi za kudumu kwa sindano, haziondoki hata ukioga mtoni. Mpaka hapo ilikuwa kweli. Halafu nikaongeza zangu: hakuna maumivu, hakuna damu, unatoka pale unaenda moja kwa moja kanisani, na kwamba nilimwona mke wa mkubwa fulani akifanyiwa huku anakunywa chai. Ndugu zangu, sikuwahi kuona mtu akifanyiwa. Nilikuwa nimeona kibao tu, ukutani.

Wamama wanne wa kwaya waliposikia habari ya chai, nao wakataka. Nikaifagia pikapu ninayobebea mbuzi, nikawapakia wote, tukaenda.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la nafaka. Yule mama alikuwa na sindano tatu za kushonea, zimefungwa pamoja kwa uzi kwenye kijiti, kikombe cha wino mweusi, na beseni la maji. Ni hizo tu. Mutheu akaziangalia, akaninong'oneza, "Anko, wacha nianze mimi, sindano zingali mpya."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Wewe mtoto, utawatangulia mama zako? Hata nyama si tunagawa kwa umri?" Wamama wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu ndiye mjomba! Anajua mila!" Kichwa kikanivimba. Nikawapanga mimi mwenyewe, mkubwa kwanza, Mutheu wa mwisho.

Wengine wakisubiri nje zamu zao, mimi nilikaa mlangoni nikaona yote. Anachoma, damu inatoka imechanganyika na wino, anapangusa kwa kitambaa, anachovya tena kikombe kile kile. Akimaliza mmoja anasuuza sindano kwenye beseni, anaita mwingine. Zamu ya Mutheu ilipofika, maji yalikuwa kama tumeoshea matumbo ya mbuzi. Mimi nimechinja maisha yangu yote, lakini pale nilitoka nje nikatapika nyuma ya magunia. Niliporudi nikakaa tena mlangoni, nikaacha aendelee. Ningesema nini, na mimi ndiye niliyewaleta?

Siku ya pili macho ya Mutheu yalifura yakafunga. Siku ya nne yakaja magamba meusi, chini yake usaha wa manjano unaonuka, na nzi wanamfuata mpaka chooni. Magamba yalipoanguka, nyusi zilizobaki si nyeusi. Ni za samawati, kama muhuri wa bwana afya kwenye paja la ng'ombe buchani, na moja imepanda juu kuliko mwenzake. Alijiangalia kwenye kioo. Akaniambia tu, "Anko, ulisema chai."

Kama ni hayo peke yake nisingewaandikia. Lakini yule mama aliyekuwa wa pili kwenye mstari, hata siku ile alikuwa anakohoa. Sasa amekonda, nguo zinamponyoka mabegani, kwaya hawezi. Sokoni wanasema ni ukimwi. Sokoni wanasema mengi, na mimi si daktari. Lakini redio nayo kila siku inatuonya juu ya wembe na sindano za kushirikiana.

Juzi Mutheu amekuja kwangu. Hata hakukaa.

"Anko, wewe ulikuwa pale mlangoni. Yule mama mchoraji alibadilisha sindano?"

Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Mara tano! Kwa macho yangu haya. Alikuwa anazitoa kwenye karatasi, zinang'aa."

Akashusha pumzi, akacheka, akanishika mkono. "Asante, Anko. Nilitaka kwenda kupimwa hospitali. Basi wacha nishughulikie gauni."

Akaenda. Mimi nikabaki nimesimama na ule uongo. Umenikaa mdomoni kama nyama iliyooza.

Nikisema ukweli, harusi inaweza kuvunjika, dada yangu hatanisemesha tena, na yule mama mgonjwa nitakuwa nimemvua nguo mbele ya kanisa kwa jambo nisilo na hakika nalo. Nikinyamaza, kijana wa watu wa Tulia anaingia bila kujua, na mtoto watakayemzaa. Harusi ni baada ya wiki tatu. Mimi ambaye maneno hayajawahi kunipungukia, sasa sina hata la kuanzia. Wasomaji, nielekezeni: nianzie kwa Mutheu, kwa dada yangu, au kwa huyo kijana? Na nikifika, nifungue mdomo niseme nini ili aniamini?