Saratani Iliyoitwa Minyoo

Juzi kwenye benchi la hospitali, hapa Bukoba, nilikaa karibu na mkulima wa kahawa wa Izimbya na mkewe. Daktari alikuja na majibu, akachuchumaa mbele yao.

"Mzee, ni saratani ya utumbo mpana. Seli zina vipokezi kwenye ngozi yake, ndivyo vinavyopokea amri ya kukua. Vyako vimeharibika, vinaziambia seli zikue hata bila amri. Sasa zimehamia kwenye ini."

"Haina dawa?" mzee aliuliza.

"Ipo inayoziba vipokezi hivyo. Hapa hatuna, wala kipimo cha kujua kama itakufaa."

Mkewe akadakia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu daktari, damu chooni aliisema tangu mwaka juzi! Zahanati wakampa dawa ya minyoo. Akarudi, wakampa ileile."

Daktari alivua miwani. "Pole, mama."

Mzee alisimama, akamshika mkewe mkono. "Twende nikuonyeshe mipaka ya kibanja, shamba letu la kahawa, ndugu zangu wasije wakakudhulumu."

Mama akajifunika uso kwa khanga.

Wataalamu wa dunia wanaijua saratani hii tangu kwenye ngozi ya seli. Sisi tunajulishwa ikishafika kwenye ini.