Kidari cha Baba Mkubwa

Hata leo, moshi wa mkaa uliochanganyika na kuni za mpera ukinipita puani, narudi Kibamba, nyuma ya nyumba yetu, kwenye pipa la mafuta ambalo fundi wa kuchomelea alilikata ubavuni na kulitia mfuniko wa bawaba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara aliyehamia Dar es Salaam akiwa kijana, na pipa lile la kubanikia nyama lilikuwa fahari yake. Majirani walimtania kwamba anapika kwa moshi kwa sababu anaonea mkaa uchungu. Alicheka nao. Lakini msimu ule wa masika, nikiwa darasa la nne, hakuna aliyecheka nyumbani, maana Baba Mkubwa, kaka yake, alikuwa ameletwa kwetu kutibiwa, na alikuwa hazungumzi na baba.

Ugomvi wao ulianzia msibani. Kwetu, ng'ombe akichinjwa, kidari ni cha mkubwa wa ukoo: yeye ndiye hukikata, na mpaka akikate hakuna anayekigusa. Babu alipofariki, ukubwa ukamwangukia Baba Mkubwa. Siku ya kumaliza matanga, baba, aliyefuatana na walimu wenzake kutoka mjini, aliona wageni wake wana njaa, akaingia jikoni na kuwakatia nyama ya kwanza aliyoikuta. Ilikuwa kidari. Hakukusudia; miaka ya mjini ilikuwa imemsahaulisha. Baba Mkubwa alinyanyuka, akaondoka, na tangu hapo salamu zao zikawa za kupitia kwa wake zao.

Sasa alilala katika chumba chetu cha watoto, amekonda, meno mengi yamemtoka, akisubiri kupasuliwa. Kila asubuhi baba alisimama mlangoni akamwamkia shikamoo, na jibu likawa marahaba, basi. Nilimsikia akimwambia mama kwamba anachokiogopa zaidi ni kaka yake kuingia chumba cha upasuaji na kinyongo kile moyoni. Iliniuma kumwona mwalimu aliyeogopwa na shule nzima amesimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa.

Jumamosi kabla ya safari ya hospitali, baba alidamka kwenda machinjioni Vingunguti, akarudi na kidari kizima kwenye mfuko wa salfeti. Alikipaka chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga, na jioni akawasha pipa. Kuchoma haraka kungekuwa rahisi, lakini kidari ni nyama ngumu na kaka yake hakuwa na meno. Ilibidi moshi na moto mdogo viilainishe usiku kucha. Mvua ilinyesha. Alikaa chini ya kipande cha bati, akiongeza mkaa kidogo kidogo. Alfajiri nilimfuata, njaa ikanituma kudokoa kipande kilichokuwa kinaning'inia. Akanishika mkono.

"Usionje. Kaka hajakata."

Mlango ulilia nyuma yetu. Baba Mkubwa alikuwa amesimama, kajifunga shuka, kashikilia ukuta. Sijui alikuwa ametusikiliza kwa muda gani. Alijikongoja mpaka kwenye pipa, akachungulia ndani.

"Mafuta umeyalaza chini," alisema. "Geuza, yashukie kwenye nyama."

Baba akageuza. Yalikuwa maneno ya nyama tu, lakini, ukiacha ile marahaba, ndiyo ya kwanza tangu matanga. Wakakaa pale wawili, wakilinda moto mpaka kukapambazuka.

Nyama ilipoepuliwa, mama alileta sinia na kisu. Baba Mkubwa alikigusisha kisu, na kidari kikaachana chenyewe kabla hajakata. Baba akainamisha kichwa; alidhani ameharibu tena, kwamba safari hii hakumwachia kaka yake hata cha kukata. Baba Mkubwa alikiweka kisu kando, akanyofoa kipande kwa vidole na kukipeleka mdomoni mwa baba.

"Kula, mdogo wangu."

Baba alitafuna huku analia mbele yetu sote, wala hakujifuta. Wiki hiyo Baba Mkubwa alikwenda hospitali, na hakurudi.

Leo naishi Chanika, na pipa ninalo, limetiwa kiraka chini. Nyama ya kubanika imekuwa mtindo. Vijana wa mtaani kwetu wanapika kila wikiendi, wana vipimajoto, na anayewahi ndiye anayekata. Nyama yao ni tamu kweli, siwalaumu, ila nahuzunika kwamba hakuna anayesubiriwa. Baba naishi naye. Kumbukumbu zimemtoka, mara nyingine ananiita kwa jina la mama. Nikimwekea kidari, anarudisha mkono nyuma na kuuliza kama kaka ameshakata. Mwanzoni nilimweleza kwamba kaka yake alikwishafariki, na kila mara aliulilia msiba ule upya. Siku hizi nanyofoa kipande kwa vidole, nakisogeza mdomoni mwake.

"Ameshakata, baba," namwambia. "Amesema ule."

Na anakula.