Breki Mpya za Landrova ya Baba

Nilitoka nyumbani Yamumbi asubuhi kwa sababu ya Mama. Tangu tumzike Baba kwetu Vihiga, hakuwa amerudi kuliona kaburi, na alishasema atapelekwa na landrova ya Baba au haendi. Ndugu zangu walikataa, wakasema breki zile zitatuua mteremkoni. Zilikuwa za kubembelezwa. Baba alikanyaga pedali mara tatu ndipo gari likubali kusimama, na Mama, kando yake, alikanyaga sakafu pamoja naye. Walishuka milima hivyo miaka yote.

Kwenye gereji ya mtaa wa West Indies, nilikoliacha gari, fundi Kirwa alikuwa ameshang'oa zile drami za mbele, breki za kizamani, na kufunga diski mpya. Zilimeta kama sahani za wageni. Nikamuuliza kama kweli zitashika huko chini.

"Dada, kanyaga mara moja tu," akasema. "Ukipampu kama mzee wako, utatokea kwa kioo."

Nilirudi Yamumbi kumchukua Mama. Alikuwa amekaa nje na maua yake, amevaa tayari. Akapanda mbele, mahali pake.

Tulipopita Kapsabet, barabara ikaanza kushuka. Mashamba ya chai yalikuwa bado yamelowa, na mbele yetu nchi ya kwetu ilitandaa hadi mbali, kubwa kuliko nilivyoikumbuka. Kwenye kona ng'ombe akaingia barabarani. Nikakanyaga mara moja. Chuma chote kile kikatulia kama mtu aliyeitwa jina lake. Mguu wa Mama ulikuwa hewani, ukienda mara ya pili.

Ng'ombe alipita polepole.

"Imesimama," Mama akasema. "Na mimi sijamaliza."

Vihiga, kaburini, aliweka maua, na kabla ya kuomba alimpa Baba habari. "Mzee, gari yako sasa inashika."

Jioni tulirudi. Kwenye miteremko midogo ya Mosoriot niliona mguu wake ukikanyaga tena sakafu, moja, mbili, tatu.

"Mama, breki ziko."

"Najua. Wewe endesha."

Nilisafiri nikidhani naondoa woga wa Mama. Nimerudi nikijua kwamba mguu ule haukuwa wa woga hata siku moja. Alikuwa akimsaidia dereva wake.