Swali la Kisimani

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni sababu ya kuficha. Ukinipa zawadi nitaigeuzageuza kutafuta kasoro. Ukinisifu nitajiuliza unataka nini. Watoto wangu husema mama yao anaweza kumshuku hata mchungaji akiwa madhabahuni, na kweli yuko mchungaji mmoja niliyemshuku, na sikukosea. Tabia hii niliirithi kwa mama, na mama aliipata mwaka ule tulipomzika baba.

Baba alikuwa mvuvi wa Bukima, na samaki wake walikuwa wakiuzwa hadi Musoma mjini. Siku moja alitoka ziwani mzima wa afya, akala kwa ndugu zake, tumbo likamshika, na wiki haikuisha akafa. Mama aliamini kwamba alilishwa kitu. Hakuwa na ushahidi wowote, ila alikuwa na macho, na aliona jinsi mdogo wa baba alivyozikusanya nyavu kabla matanga hayajaisha. Yule baba mdogo alipoleta habari ya kumrithi mama, tena akaanza kujenga nyumba ya kumweka, mama alifunga vyombo. Siku zile wakubwa wa Chama walikuwa wakihimiza watu wahamie vijiji vya Ujamaa, na tulisikia kwamba kule juu, kati ya Bunda na Butiama, kuna kijiji kipya kinachopokea mtu yeyote mwenye mikono na jembe. Mama alikuwa navyo vyote viwili.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulipanda lori la pamba, tukashushwa kwenye vilima vya mawe, na kabla hatujauona hata mlango wa nyumba tuliyopewa mama alinipa masharti. Usile kwa mtu. Usinywe kwa mtu. Mambo ya ndani ya nyumba yetu yasitoke nje. Nilimwambia nimesikia, naye akayarudia yote, mkono wake ukiwa umenishika sikio.

Nyumba za kijiji zilipangwa kwa mstari ulionyooka kama wanafunzi asubuhi, na yetu ilikuwa ya mwisho, jirani na boma la bibi mmoja mjane mwenye ng'ombe. Shamba la pamba lilikuwa letu sote, lakini ng'ombe walikuwa wa wenyewe. Kwenye mikutano kila mtu aliitwa ndugu, mama naye akaitwa ndugu, na watu walipiga makofi tulipotambulishwa. Mikutano ikiisha tulirudi kuwa watu wa ziwani. Nilisikia wanavyotusema: kwamba watu wa ziwani wana mambo yao, wanakaa na vitu ndani ya vyungu, mvua inawatii. Nikawa nawatazama. Kama walikuwa wananichunguza, basi na mimi nilikuwa nawachunguza.

Kila alfajiri wasichana walikwenda kisimani pamoja, na mimi nilitembea nyuma yao kidogo, ndoo kichwani, masikio wazi. Mjukuu wa yule bibi jirani alikuwa wa rika langu, msichana mrefu mwenye meno yaliyoachana. Asubuhi yetu ya kwanza alinigeukia mbele ya wenzake wote akaniuliza, "Jana umekula nini?"

Damu ilinichemka. Kwetu humuulizi mtu alichokula ila kama unataka kujua amelala njaa. Nilidhani anataka niwatangazie kwamba tumekula viazi vikavu bila mboga, wapate cha kucheka njia nzima. Nilimjibu, "Chakula." Akaniangalia, akasema haya, akaendelea kuchota maji. Wenzake walitazamana.

Kesho yake aliniuliza tena. Nikajibu chakula. Ikawa hivyo asubuhi baada ya asubuhi, kama sala. Wakati mwingine aliuliza kwa upole, wakati mwingine kwa uchovu, na mimi nilizidi kuwa na uhakika kwamba ametumwa. Nilimweleza mama. Mama alikunja uso akasema mtu anayetaka kujua unakula nini ni mtu anayetafuta pa kupitishia sumu. Tangu siku ile tukawa tunafunga mlango tukila, na mara nyingi tulichokula ni dagaa ambao mama aliwanunua soko la Bunda, kwa sababu ndicho chakula pekee kilichotufanya tujisikie kwetu. Vichwa vya dagaa tulivifukia kwenye jivu.

Nilitamani kupokelewa pale, nalisema hili bila aibu. Nilitamani yule msichana mwenye meno yaliyoachana asimame aningojee njiani, anitanie, anishike mkono kama alivyowashika wenzake. Shuleni nilikaa dawati la nyuma peke yangu, mwalimu akituhimiza kwamba sisi sote ni taifa moja, nami nikiwatazama visogo. Ila kutamani ni kitu kimoja na kuamini ni kingine. Nikaanza kuchungulia boma la bibi kupitia tundu la ua wa miiba ili nijue wanatupangia nini.

Asubuhi moja niliwahi kurudi kutoka kisimani, nikaona nilichokuwa natafuta. Bibi alikuwa amemaliza kukamua. Alimimina maziwa kwenye kata, akaiweka pembeni, juu ya jiwe, akakaa. Alionekana anasubiri kitu. Mjukuu wake aliporudi kutoka kisimani walisemezana kwa kilugha chao, msichana akatikisa kichwa. Bibi akainuka, akatazama moja kwa moja upande wa nyumba yetu, midomo ikimchezacheza, kisha akayamwaga yale maziwa kwenye bakuli la ndama. Nilirudi nyumbani mbio. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Alichukua chumvi akainyunyiza kizingitini.

Haukupita muda, ng'ombe mmoja wa yule bibi akaanza kutoa maziwa yenye damu. Hapo ndipo maneno yaliyokuwa yananong'onwa yakapata miguu. Mbwa walikuwa wamefukua jivu letu, vichwa vya dagaa vikaonekana, na wanawake waliokuwa wanatusalimia kwa kujilazimisha wakaacha hata kujilazimisha. Balozi wa nyumba kumi alikuja kwetu jioni akiwa amevaa shati lake la mikutano. Chama hakikuwa na nafasi ya habari za uchawi, kwa hiyo alizungumzia ushirikiano. Alizunguka sana, akasifu jembe la mama, akasifu mwaka wa pamba, mwisho akafika alikokuwa anakwenda.

"Ndugu, kijiji hiki ni cha watu wanaoshirikiana," alimwambia mama. "Kukiwa na nyumba haishirikiani, mkutano utaiulizia."

Mama alimshukuru, akamsindikiza hadi njiani, akarudi akakaa chini sakafuni. Sote wawili tulijua maana yake. Tukitolewa pale, palibaki mahali pamoja tu pa kwenda, na mahali hapo palikuwa na nyumba iliyojengwa kumsubiri.

Shule zilikuwa zimefungwa. Nikamwambia mama nataka kwenda kumsalimia bibi mzaa baba. Nilichokuwa nacho moyoni ni kingine: nilitaka kujua kama tunaweza kurudi Bukima na mama akaachwa akae peke yake. Alinikubalia kwa shingo upande, akaniagiza nile kwa mkono wa bibi tu. Katika ngano tulizosimuliwa utotoni, mtu huondoka kwao, akavuka mto, akapigana na zimwi, akarudi na kundi la ng'ombe, watu wakamwimbia. Mimi nilidandia lori hadi njia panda, nikatembea kupitia Suguti malengelenge yakinipasuka miguuni, na hakuna zimwi lililojisumbua kunitokea.

Nilipoliona ziwa nililia kwa furaha. Furaha hiyo haikufika jioni. Wasichana niliocheza nao tangu tunatambaa walinikuta ufukweni wakaniita mtu wa ng'ombe. Waliniuliza nimetumwa na nani. Waliuliza kama nimekuja kudai nyavu za baba. Kila nilipokaa, mazungumzo yalikatika, na nilizijua zile nyuso, kwa kuwa mwaka mzima nilikuwa naziona kisimani.

Baba mdogo alinipokea vizuri kupita kiasi. Alinivutia kigoda mwenyewe, akaulizia afya ya mama, akanionyesha nyumba. Ilikuwa imekamilika, imeezekwa bati, mlango wake ukitazamana na wa nyumba yake mwenyewe. Alisema kwa sauti ya taratibu kwamba hana haraka, mwanamke akishachoka hurudi. Nilimtazama anavyotabasamu, nikakisogeza kigoda mbali naye.

Bibi alinipikia sato. Alikaa karibu yangu nilipokuwa nakula, akisukuma kuni, na mwanawe alipotoka kwenda kuangalia mtumbwi aliniinamia.

"Msirudi," alisema. "Mama yako akiingia mle ndani, hatoki tena."

Sikuuliza zaidi. Yule alikuwa mama yake mzazi, na kama yeye mwenyewe alimwogopa mwanawe, mimi ni nani. Nilimaliza samaki wote, kichwa na mkia, asubuhi nikashika njia na sato mwingine aliyenifungia bibi nile njiani. Usiku uliofuata nililala nyumbani kwetu kilimani, na nilimweleza mama maneno ya bibi kama yalivyo. Alinisikiliza akiwa ameshika kifundo cha mguu wangu uliovimba.

Kulipokucha nilichukua ndoo. Sikutembea nyuma ya mtu. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo sikuwahi kuchoka, na hasira ilikuwa imenikaa kifuani kama tonge lisiloshuka. Kule sikutakiwa, huku sikutakiwa, basi wajue kila kitu wafanye wanavyotaka. Msichana mwenye meno yaliyoachana alikuwa ameinamia maji. Aliponiona aliuliza kama kawaida yake, bila hata kuinua kichwa.

"Nimekula samaki," nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Sato mzima. Na hapa nyumbani huwa tunakula dagaa, tunafunga mlango."

Nilisubiri wakimbie. Hakuna aliyekimbia. Msichana aliinua ndoo yake, akaitua ukingoni, akafuta mikono kwenye kanga.

"Basi leo hapana," alisema. "Utakunywaga kesho."

"Nitakunywa nini?"

"Maziwa yako."

Alinieleza kwa mshangao, kama anayemweleza mtu mzima kwamba jua hutoka asubuhi. Pale kwao, mgeni asiye na ng'ombe hupewa maziwa na boma la jirani mpaka apate wake. Humwambii kwamba unampa, kwa sababu huko ni kujisifu kwa ng'ombe, na ng'ombe aliyesifiwa hukauka. Unamuuliza tu amekula nini. Akiwa amekula samaki anangoja siku ipite, maana samaki na maziwa havikutani tumboni, kiwele kitaumia. Akiwa amekula kingine unamwita. Kila asubuhi bibi yake alikuwa anatenga kata yangu na ya mama juu ya jiwe. Kila asubuhi mjukuu alikuwa anarudi na jibu ambalo halikuwa jibu, na bibi, asiyeweza kuhatarisha ng'ombe wake kwa neno "chakula", alimpa ndama.

Nilimuuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia.

"Tulikuwaga tunakuuliza kila siku," alisema. "Wewe ndiyo ulikuwaga haujibu."

Nililia pale kisimani mbele yao, na haikuwa shukrani. Nililia kwa hasira, kwa ajili ya mwaka mzima wa kufunga mlango. Mmoja wa wasichana akanibebea ndoo. Njiani niliambiwa kwamba wakati nipo Bukima bwana mifugo alikuja na sindano, na yule ng'ombe mgonjwa alikuwa anaendelea kupona. Balozi hakurudi kwetu tena na shati lake.

Siku iliyofuata niliitwa, nikaingia bomani. Bibi alinipa kata kwa mikono miwili. Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi, yamepoa kidogo, na kusema kweli hayakunipendeza. Nilikunywa yote. Alinionyesha kwa kidevu ndama mmoja mnene kupita wenzake, manyoya yanang'aa, akanena kitu kwa kilugha, mjukuu wake akacheka mpaka akakaa chini. Aliponitafsiria nami nikacheka: bibi alisema yule ni pacha wangu.

Nyumbani nilimweleza mama yote, naye akanikamata kidevu. Alinitazama ulimi, akanifunua kope, akaninusa mdomo. Hakuniruhusu kwenda popote siku ile, alinikalisha mlangoni akawa anapepeta mtama huku ananitupia jicho. Adhuhuri alinigusa paji la uso. Jua lilipoanza kushuka na mimi bado niko hai, aliniuliza yana ladha gani. Nikamwambia moshi. Akarudia lile neno polepole, akaweka ungo chini, akatazama upande wa boma. Jioni hiyo dagaa walikuwapo chunguni lakini hakuwapika. Alisonga ugali, akachuma mlenda nyuma ya nyumba, tukala mlango ukiwa wazi.

Alfajiri nilipoamka ndoo haikuwepo mahali pake. Nilitoka nikamfuata. Mama alikuwa ameshafika kisimani kabla ya wasichana wote, ndoo yake imejaa tayari, na hakuwa anaondoka. Alikuwa amesimama kando ya maji amejifunga kanga yake nzuri, anamtazama kila anayekuja, anangoja aulizwe.