Alama Mbili Shingoni mwa Usumani

Wacha tuanze na ukweli, maana wiki nzima ulikosa wa kuusikiliza: Usumani fundi hajapata kuangalia filamu ya mnyonya damu hata moja. Hamjui yule kijana mweupe pee mwenye meno marefu, hajui kwa nini wasichana wa mjini wanamlilia, na ukimuuliza atakwambia maiti ikishazikwa inatakiwa itulie. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetangazwa Kigali nzima kuwa shabiki wa tamthilia ya Jino la Mpenzi. Kama huko si kuonewa, ni nini?

Kisa chote kilianzia shingoni. Usumani amekalia cherehani katika soko la Kimironko tangu marehemu mkewe akiwa hai, na fundi akiinama miaka yote hiyo, shingo hukaza. Safari hii ilikaza vibaya. Ukimwita upande wa kulia, anageuka mwili mzima. Siku nyingine angevumilia, lakini Jumapili iliyokuwa inakuja wazee wake walikuwa waende naye Gisimenti kwa Shafiq, muuza vipuri vya magari, kumposa dada yake Shafiq, Zulfa. Mtu haendi kuposa kapinda.

Zulfa ni mjane, anauza vitenge ng'ambo ya njia, mkabala na cherehani ya Usumani. Hawakuwahi kuambiana maneno ya mapenzi. Yeye alikuwa akimpelekea Usumani chai ya tangawizi, na Usumani akimpindia vitambaa vya wateja wake bila kusema bei. Siku moja, huku anapima kitambaa na macho yakiwa kwenye futi, Usumani akamuuliza wazee wakija kwa Shafiq watarudi na jibu gani. Zulfa akasema, "Waje kwanza tuwaone." Kwa mwanamke wa heshima zake, hilo ni jibu zuri sana.

Basi Usumani akaenda Biryogo kuumikwa. Mzee mmoja wa huko bado anaumika kwa pembe, kama walivyofanya mababu: anachanja kidogo kwa wembe, anabandika pembe, anavuta damu chafu, shingo inalegea. Zikabaki alama mbili nyekundu, zimekaa sambamba chini ya sikio. Kofia ngumu ya abiria wa pikipiki ikazisugua njia nzima, zikazidi kuiva. Usumani hakujali. Shingo ilikuwa inageuka kulia na kushoto, alhamdulillahi, na Jumapili ilikuwa inakaribia.

Kumbe mashabiki wa tamthilia ile wana desturi yao. Huinunua kwenye flashi, ikiwa na sauti ya bwana mmoja anayeisimulia kwa Kinyarwanda juu ya maneno ya wazungu, kisha hujichora nukta mbili nyekundu shingoni kwa rangi ya kucha, pale pale mpenzi alipoumwa. Hilo Usumani angelijulia wapi?

Pretty alilijua. Pretty ni binti aliyekulia Kampala, anafanya kazi ofisi moja ya Kimihurura, na gauni lake lilikuwa mikononi mwa Usumani. Alikuja kulijaribu, akamkuta fundi kainama, shingo nje.

"Mana yangu! Muzee Usumani, na wewe uko na sisi?"

Usumani alikuwa kabana pini mdomoni. Fundi mwenye pini mdomoni hajibu, anaguna, asije akameza moja. Akaguna. Pretty akapiga kelele ya furaha, akapiga na picha, na kabla Usumani hajazitema zile pini, picha ilikuwa imeshapaa kwenye simu za watu na maneno chini yake: "Hata fundi wetu wa Kimironko! Mapenzi hayana umri."

Asubuhi iliyofuata alikuta kitunguu saumu, ambacho wanyonya damu wa filamu hukikimbia, kimening'inizwa kwenye cherehani. Hiyo ilikuwa kazi ya Habimana, fundi jirani, mtu asiye na haya. "Nimekiweka kitulinde na njaa yako, ndugu yangu," akasema, "maana mimi nina damu kidogo." Soko zima likacheka. Wauza nyanya wakavuta mitandio shingoni alipopita. Mama mmoja asiyemjua hata kwa sura alikuja kumuuliza kama bibi harusi wa tamthilia amfuate mnyonya damu au abaki na yule daktari. Usumani akamwambia aende zake, tena aende upesi.

Akaeleza. Akainama, akaonyesha, akataja kuumika, akataja pembe, akamtaja na mzee wa Biryogo. Loo, ni afadhali angenyamaza! "Anakana!" akashangilia Habimana. "Shabiki wa kweli hukana kwanza!" Usumani hasira zikampanda mpaka akashona mkono wa shati kinyume, jambo ambalo halijamtokea tangu aanze ufundi. Miaka yote hii ameishi na watu vizuri, hajachelewesha nguo ya mtu ya sikukuu, na leo ni kichekesho kwa sababu ya binti na simu yake!

Halafu Shafiq akampigia. "Fundi, nimeona picha. Kabla ya wazee kuja, njoo wewe mwenyewe unieleze. Dada yangu si wa kuozwa kwa mtu wa vituko."

Usumani alifunga cherehani akaenda Gisimenti mchana ule ule. Shafiq alimkaribisha nyuma ya duka, na Zulfa alikuwepo, ameshika chupa ya chai. Usumani akakataa kukaa. Akafunua ukosi, akaeleza habari ya shingo, ya pembe, ya pini mdomoni. Shafiq akasogea, akachungulia, akaanza kucheka.

"Kumbe kuumika! Yewe, hata marehemu baba alikuwa anaumikwa kila mwaka. Basi, yamekwisha. Kaa unywe chai."

Yalikuwa yamekwisha kweli. Mtu mwenye bahati angekaa akanywa chai. Lakini Usumani alikuwa na hasira ya siku tatu kifuani, na hasira ikishapata mlango haiulizi ruhusa.

"Hayajaisha!" akasema. "Mimi, mtu mzima, nifananishwe na wale? Watu wasio na kazi, wanakaa kulilia maiti yenye meno! Msichana mdogo nitamsamehe, akili bado. Lakini mtu mzima anayeangalia upuuzi ule, wallahi, huyo kichwani hamna kitu!"

Zulfa akaiweka chupa mezani. Chai hakuimimina.

"Mimi naangalia," akasema.

Shafiq akamgeukia dadaye. 

"Nimeangalia yote, mwanzo mpaka mwisho, na nimerudia. Mume wangu alipokufa watu walikuja, wakaniombea subira, wakala, wakaenda zao. Mimi nikabaki na nyumba. Kwenye ile filamu, fundi, mtu akishapendwa hafi. Najua ni uongo. Naangalia hivyo hivyo." Akajitanda mtandio vizuri. "Nilipoona picha yako nilifurahi. Nikasema, kumbe tuko wawili."

Akatoka, na pazia la mlango likarudi mahali pake. Shafiq akamtikisia Usumani kichwa.

"Nguo ilikuwa imeshakamilika, fundi. Mkasi wa nini tena?"

Chai ikakatika. Hakuna kilichomuuma Usumani kuliko kile: kukaa kwenye cherehani, kuisikia harufu ya tangawizi ng'ambo ya njia, na kikombe hakiji. Akamkasirikia Pretty. Akamkasirikia Habimana. Akaikasirikia ile maiti ya kizungu isiyokubali kufa. Na walipokwisha wote wa kukasirikiwa, akabaki peke yake, na huyo ndiye aliyestahili tangu mwanzo. Amesema nini mbele ya mjane wa watu? Kwani yeye mwenyewe hana koti la marehemu mkewe sandukuni, ambalo hulitoa na kulikunja upya kana kwamba mwenye koti atalihitaji? Nani amewahi kumwambia kichwani hamna kitu?

Jumamosi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ulipokwisha na soko kufunguliwa, Pretty alikuja kuchukua gauni lake. Habari zilikuwa zimemfikia, akasimama na sura ya huruma.

"Muzee, nisamehe sana. Sikujua iko dawa ya shingo. Leo nafuta picha, naandika kwa watu wote kwamba wewe si wa kwetu."

Wiki nzima Usumani alikuwa akiyasubiri maneno hayo. Akatazama ng'ambo. Zulfa alikuwa anapanga vitenge, mgongo kwao, lakini mikono yake ilikuwa imesimama. Usumani akajipapasa chini ya sikio. Palikuwa pamepona, ngozi laini, hakuna alama tena.

"Usifute," akasema.

"Nini?"

"Nimesema usifute! Husikii?" Akavuta kigoda, akakaa, akafungua kifungo cha juu na kuinamisha shingo. Uso ulikuwa umemwiva kwa hasira na aibu, na sauti aliitoa kwa nguvu ifike ng'ambo. "Ile rangi yako ya kucha unayo? Itoe. Nichore. Na ole wako ucheke."

Habimana aliacha kushona. Muuza nyanya akaita wenzake. Pretty akafungua kichupa, akaweka nukta ya kwanza. Ilikuwa baridi. Usumani akafumba macho, akauma meno, akasubiri soko zima limcheke, na likamcheka kweli.

Ndipo sauti ikatoka kwenye vitenge.

"Si hapo, binti. Shusha kidogo. Hapo yule kijana huwa haumi."

Usumani hakuthubutu kugeuka, ingawa shingo ilikuwa nzima. Akasikia maji yakimiminwa kwenye birika.

"Na wewe fundi," Zulfa akasema, "kawaambie wazee wako kesho wasichelewe."